Mashine Yenye Jina la Cheche

14 Februari

Kwa wifi yangu wa pekee,

Salamu kutoka kwenye nyumba yenu. Mimi ni mzima wa mwili, na kazi ya udobi inaendelea: pasi bado zinatuunguza vidole, na mwenye duka bado anagombana na kila shati linalorudi bila kifungo. Sijui hali yako wewe na hiyo baridi, na hao wazee unaowalea wanakusumbuaje. Nimeona niandike, maana simu tumejaribu na tunaishia kulia wote wawili mpaka salio linakatika, na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu.

Ahsante kwa ulichotuma wakati wa mazishi ya kaka yako Cheche. Najua ulivyoumia kukosa kusafiri. Watu waliniuliza uko wapi, nikawajibu kwamba kwa karatasi zako ukitoka huko hutaruhusiwa kuingia tena, na aliyetaka kuelewa ameelewa.

Sasa nikueleze ya huku. Unamkumbuka Mzee wa Nyuki niliyekutajia wakati kaka yako anaumwa? Mfuga nyuki, anatoka mbali, yeye na Cheche walikuwa wanasafishwa damu siku moja, vitanda vimekaribiana. Cheche alimkuta amelala kwenye benchi nje ya wodi, kifurushi chake kimekuwa mto, kwa sababu mashine ikimaliza naye basi la kwao linakuwa limeshaondoka. Akamleta nyumbani bila kuniuliza. Unamjua kaka yako. Aliniambia, "Mke wangu, nimeokota mzee." Tangu hapo kila siku yake ya mashine akawa analala chumba cha uani, katikati ya vyuma na mitungi ya gesi.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, nikasikia hodi. Ni yeye. Alisimama nje ya geti, hataki kuingia, akaniuliza kama kitanda bado kipo au kimeondoka na mwenyewe. Nikafungua geti. Safari iliyofuata akaja na mwanamke tunayemwita Mama Pacha. Figo zilimharibikia wakati wa kujifungua. Pacha wake wako kwa bibi yao, hata kutambaa bado. Huyo alikuwa analala chini ya ngazi za hospitali.

Basi nimetoa vyuma katika vyumba vyote viwili vya uani. Ile mashine ya kuchomelea nimeisukuma chini ya kitanda changu, sikuweza kuiuza. Kuna vitanda Cheche alivichomelea kwa mteja ambaye hakurudi kuvichukua. Nimeviweka humo, wanaume chumba kimoja, wanawake kingine, nikapiga chokaa ukutani. Mashuka nayafua kazini, mwenye duka anajifanya haoni. Jioni nawapikia bila chumvi, viazi nachemsha mara mbili na maji namwaga, kama tulivyofundishwa hospitali. Nikimwaga yale maji najiona kama bado nampikia yeye. Ndiyo njia yangu ya kumkumbuka. Sijui nyingine.

Nasubiri neno lako.

Wifi yako


9 Machi

Wifi yangu, mke wa kaka yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama kituoni mpaka nikaachwa na basi, na sikujali. Mimi sijambo, ingawa nikisema sijambo ujue ni mdomo tu. Baridi ya huku haina adabu, inaingia hadi kwenye jino lililotoboka. Wazee wangu hawajambo. Kuna mmoja kila asubuhi ananiuliza mimi ni nani. Nikimweleza, ananipa pole.

Umefanya vizuri kuwapokea hao wagonjwa. Kaka yangu alikuwa hivyo tangu utoto. Alikuwa akileta nyumbani kila kilichopotea, mbuzi wa watu, mbwa mwenye upele, mpaka siku moja akaleta mlevi, na mama akamwambia huyu mwenyewe ndiye aliyejipoteza, mrudishe. Najua na wewe hapo unacheka.

Ila nikuambie la moyoni. Chumba cha uani ni huruma, na huruma ni nzuri, lakini kesho wewe ukichoka, imekwisha. Nani atajua kwamba hapa duniani alipita mtu anaitwa Cheche? Mimi sikumwona akiumwa. Sikushika udongo wa kaburi lake. Saa mnamzika nilikuwa namkata kucha bibi wa watu, na msimamizi amenikataza kupokea hata simu. Nataka kitu kitakachoonekana, wifi. Nataka mtu akipita pale hospitali alisome jina la kaka yangu.

Tumeunda kamati. Tuko wenzangu wachache tunaofanya kazi huku, na binti wa mzee mmoja ninayemlea, ambaye ana mdomo na anajuana na watu. Tunachangisha tununue mashine mpya kabisa ya kusafisha damu, na juu yake kibao cha shaba chenye jina lake. Wagonjwa watasafishwa kwa jina la Cheche. Nikiwaza hivyo napata usingizi.

Nakuomba unisaidie. Zungumza na wale wauguzi uwaambie tunakuja na zawadi. Na nitumie picha yake ya mwisho, ile uliyoniambia uso umevimba. Kamati wanasema picha kama hiyo inagusa watu.

Wifi yako akupendaye


2 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama na jino limetulia. Sisi hatujambo. Mama Pacha amepungua uvimbe, juzi kiatu kimemwingia akakitembeza uwanja mzima kama bibi harusi. Mzee wa Nyuki ni mwizi. Kila mgonjwa ana kipimo chake cha maji kwa siku, na yeye nimemfuma ananyonya barafu nyuma ya choo. Nilipomkaripia akasema barafu si maji, barafu ni chakula.

Nilienda kwa Sista, mkuu wa kitengo cha figo. Nilimkuta anakula amesimama. Alifurahi kusikia habari yako, akamtaja kaka yako, akasema mpaka leo geti la wodi likilia wanamtamani, maana ndiye aliyekuwa akilitengeneza. Lakini aliniuliza swali, nami nakuletea kama alivyoliuliza: maji je? Anasema zile mashine haziendi kwa maji ya bomba. Kuna mtambo wa kuyachuja, na mtambo walio nao umeelemewa, unahudumia zilizopo kwa shida. Mashine mpya ikija leo haina pa kuchomekwa. Alisema hivi, nikakariri njia nzima nisipoteze neno: "Mwambie wifi yako, akituletea maji ametuletea mashine tatu. Akituletea mashine, ametuletea kabati." Na kama maji ni makubwa mno, anasema wagonjwa wake hawafi kwa kukosa mashine tu, wengi wanaacha kuja kwa kukosa pa kulala.

Picha ya uvimbe sitakutumia. Usikasirike. Alikuwa hajitazami kwenye kioo siku zile. Nilikuwa namnyoa mimi. Nakutumia ile ya karakana, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso, masizi puani, anacheka. Huyo ndiye Cheche. Kama haguswi mtu na huyo, basi asiguswe.

Uani sasa vitanda vyote vimejaa. Ukitaka kibao cha jina, hata hapa kwenye mlango kinakaa.

Wifi yako


30 Aprili

Wifi,

Salamu. Mimi ni mzima, kazi nyingi. Wenzangu wawili wameacha kazi kwa hiyo nanyanyua wazee peke yangu, mgongo umekuwa wa bibi.

Barua yako imeniumiza kidogo, nisikufiche. Niliisoma mbele ya kamati nikaishia njiani, nikajifanya mwandiko haueleweki. Huyo Sista ni mtumishi amechoka, na mtu aliyechoka kila kitu kwake ni mzigo. Binti wa mzee wangu amezungumza kwa simu na mganga mkuu mwenyewe. Amefurahi mno, amesema waleteeni, mengine yatapangwa. Sasa mimi nimsikilize nani, mganga mkuu au anayekula amesimama? Na watu wa huku, wifi, hawachangii mabomba. Ukiwaonyesha bomba wanakutazama. Ukiwaonyesha mashine yenye jina la marehemu wanatoa machozi na wanatoa mfukoni.

Sasa sikia, na usikie kwa utulivu. Michango haijatosha. Nimeshaahidi watu na mashine imeshaagizwa. Nimezungumza na Baba Mdogo, na yeye ndiye aliyetoa wazo, si mimi. Ile nyumba ni ya marehemu baba. Hati ina jina la baba hadi leo. Baba alituacha wawili, mimi na Cheche, na Cheche ametangulia bila mtoto. Baba Mdogo anasema kwa ukoo mrithi aliyebaki ni mimi. Amepata mnunuzi.

Najua unavyojisikia sasa hivi. Lakini fikiria: nyumba inageuka mashine, mashine inaokoa watu, na jina lake linabaki. Si nyumba inauzwa ili mtu anywe pombe. Inauzwa kwa ajili yake. Wewe hutatupwa, nimemwambia Baba Mdogo akutafutie chumba kizuri karibu na kazini kwako. Una mikono yako, hujawahi kuwa tegemezi, ndiyo maana kaka alikupenda.

Nijibu haraka.

Wifi yako


15 Mei

Wifi,

Hujambo? Mimi nikisema sijambo nitakuwa nimeanza barua kwa uongo, kwa hiyo niendelee.

Kabla barua yako haijafika, Baba Mdogo alishakuja na mnunuzi. Nilikuwa kazini. Aliyewafungulia geti ni Mzee wa Nyuki, akadhani ni wageni wa msiba waliochelewa, akawakaribisha na kuwapa viti. Waliingia mpaka uani. Mama Pacha alikuwa amelala, ametoka kwenye mashine siku hiyo, na mtu akitoka huko hata kope ni nzito. Mnunuzi akasimama mlangoni anapima chumba kwa hatua, anamruka miguu. Jioni Mzee aliniuliza kwa sauti ndogo sana, "Mama, wale ni ndugu zetu?" Nikamjibu ndiyo.

Nilienda ofisi ya ardhi. Kijana wa pale alikuwa mpole. Alinionyesha kwamba jina langu halipo popote, na la Cheche halipo. Akaniuliza kama nina mtoto. Nikamwambia sina. Akafunga faili taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Wifi, hati ni ya baba yenu, sibishani. Lakini uani hapakuwa na kitu. Vile vyumba alivijenga Cheche, matofali tulibeba mimi na yeye jioni baada ya kazi. Geti ni lake, madirisha ni yake. Kila ukishika chuma katika nyumba hii umeshika mkono wake. Unasema jina lake halitaonekana. Njoo ulione. Njoo kabla hujauza, ulale hapa siku moja, uwasikie watu hawa wanavyomtaja wakati wa kula. Mwanamke mmoja ambaye hajawahi hata kumwona Cheche juzi alisema, "Leo nalala kwa Cheche." Wewe unataka nini zaidi ya hicho?

Sikuombi unionee huruma mimi. Nitapanga chumba, nitafua, nitaishi. Nakuomba uwaonee huruma hawa, ambao wewe mwenyewe unasema ndio unaowasaidia. Tena nakuomba kwa jina hilohilo unalotaka kulichonga kwenye shaba.

Wifi yako


8 Juni

Wifi,

Natumaini u mzima. Naandika kwa haraka, niko mapumziko.

Imeshasainiwa. Barua yako ilikuja nyuma ya saini, na hata ingekuja mbele sijui kama ningeweza kurudi. Watu wametoa, wana picha ya kaka yangu kwenye fulana zao. Uhame mwisho wa mwezi. Baba Mdogo atakuletea gari la mizigo.

Nimeomba likizo, safari hii karatasi zimekamilika, nitakuja mwenyewe kwenye uzinduzi mwezi wa nane. Tutakumbatiana, utanitukana ana kwa ana, na utaona kwa macho yako kwamba sikukosea. Usizime moyo wako mpaka siku hiyo.

Wifi yako


20 Septemba

Wifi mpenzi,

U hali gani? Kimya chako kimekuwa kirefu. Sijui hata pa kukuandikia, nimeona nitume kwa duka la dobi nikiamini mwenye duka atakupa. Mimi nina afya, mgongo tu.

Najua umekasirika kwamba sikutokea. Siku mbili kabla ya safari walinifutia likizo, wazee watatu waliugua kwa mpigo na hapakuwa na mtu wa zamu. Nililia nikiwa nimevaa glavu. Nikamtumia Baba Mdogo hotuba yangu aisome. Anasema aliisoma vizuri na watu walipiga makofi, na kwamba wewe ulikaa mbele, umevaa fulana.

Na picha zimefika. Ile ya yule mama aliyekaa kwenye kiti cha mashine, mrija mkononi, anatabasamu, kibao cha kaka yangu kinang'aa juu ya bega lake, tumeichapisha kubwa. Iko ukutani pale kamati inapokutana, na nyingine iko juu ya kitanda changu. Nikirudi nimechoka naiangalia. Nasema, Cheche, huyu anaishi kwa ajili yako.

Kamati wananiomba picha nyingine, za wagonjwa mbalimbali wakitumia mashine, na maneno machache ya kila mmoja. Wanafikiria hata mashine ya pili. Wewe uko karibu, na wanakupenda. Nisaidie hilo.

Wifi yako


11 Novemba

Wifi,

Salamu nyingi. Sijapata jibu. Baba Mdogo anasema mambo yote yanakwenda vizuri, ila hajapita hospitali siku nyingi, na kila nikimuuliza habari zako anasema u mzima. Kamati wanauliza picha. Niandikie hata mistari miwili nijue uko hai.

Wifi yako


2 Desemba

Wifi,

Niko hai. Barua zako zote mwenye duka alinipa, nilikuwa naziweka bila kuzifungua. Jana nimezifungua zote kwa pamoja, na leo nakujibu, kwa sababu umesema unaangalia ile picha ukirudi umechoka. Nimeona si haki mtu aendelee kusema na picha ile.

Nikueleze siku ya uzinduzi ilivyokuwa. Baba Mdogo alinifuata asubuhi kwenye chumba nilichopanga, akanipa fulana. Nilitaka kukataa, lakini ni uso wa Cheche uliokuwa pale kifuani, nitaukataaje? Nikavaa. Tulikalishwa mbele. Baba Mdogo alisoma hotuba yako kwa sauti ya mnada. Mganga mkuu akakata utepe, kitambaa kikaondolewa, na kweli ilikuwa mashine nzuri, nyeupe, na jina la mume wangu juu yake. Nililia. Hilo nakupa, wifi. Nilipoliona jina lake nililia, na kwa muda mfupi nikasema moyoni labda wewe ndiye uliyeona mbali.

Halafu mpiga picha akataka mgonjwa. Ile haikuwa siku ya Mama Pacha, alikuja kuangalia tu kama watu wengine. Wakamkalisha kitini. Mrija walimbandika kwa plasta juu ya ngozi, haukuingia popote. Mashine haikuwashwa. Alitabasamu kwa sababu mpiga picha alimwambia tabasamu. Baadaye aliniuliza kama ametenda dhambi.

Wageni walipomaliza soda zao na kuondoka, Sista alichukua kile kitambaa akakirudisha juu ya mashine, akakivuta kila upande mpaka kikafunika vizuri. Alinigusa begani akaenda kuendelea na kazi. Mtambo wa maji ni uleule. Mpaka leo mashine haijamsafisha mtu hata mmoja. Jumatatu nilipita, wameweka juu yake maboksi ya glavu. Kibao kinaonekana nusu.

Mzee wa Nyuki amefariki.

Nyumba ilipokwenda, alirudi kwenye benchi lake. Mimi nimepanga chumba kimoja, Mama Pacha nalala naye humo humo, mmoja kitandani na mmoja chini, tunapokezana. Mzee nilimwambia aje hata aketi kwenye kiti, akakataa, akasema hawezi kulala chumba kimoja na wanawake, watu watasema nini. Mvua zilipoanza ilimpiga pale nje, akapata kifua. Ndipo akaanza kukwepa. Alitakiwa mara mbili kwa wiki, akawa anakuja mara moja. Sista alimgombeza, yeye akaleta asali na mzaha. Kisha wiki moja hakuja kabisa. Binti yake ndiye aliyenipigia simu. Maji yalimjaa mapafuni, alikufa amekaa, anashindwa kulala chini.

Mashine yake ya siku zote ilikuwapo. Zamu yake ilikuwapo, hakuna aliyempokonya. Alichokosa ni kitanda. Alikuwa na kitanda, na kilichomelewa na kaka yako.

Nilisafiri kwenda kumzika. Kule kwao walinipokea kama ndugu, wakanitambulisha kwa watu, "Huyu ndiye mke wa Cheche." Wanamjua wote. Hakuna kati yao aliyewahi kuiona mashine yako.

Sasa nikuambie kilichoniuma kuliko nyumba. Nimezisoma barua zako mfululizo, tangu ya kwanza. Uliniomba picha. Uliniomba nizungumze na wauguzi. Uliniomba nihame. Umeniomba picha tena. Katika barua zote hizo hukuniuliza hata siku moja alikufaje. Nilikuwa namshika. Kuna maneno aliyasema, na mengine yalikuwa yako, nikasema nitayaweka mpaka wifi aulize, maana maneno kama hayo huwezi kumrushia mtu kwenye simu akiwa kituoni. Nikangoja. Hukuuliza.

Picha za wagonjwa sina. Usinitumie tena kitu kwa jina lake, wala usiniandikie. Ukija siku moja kuzuru kaburi, Baba Mdogo anaijua njia. Kwangu usije.

Mke wa Cheche


6 Januari

Wifi,

Najua umenikataza. Naandika hivyo hivyo.

Nimeitoa ile picha juu ya kitanda. Ya kwenye kamati bado ipo. Sijawaambia. Nilisimama mara mbili niwaambie, na mara zote mbili binti wa mzee akanishika mkono akasema najua, bado una uchungu, kaa chini. Nikakaa.

Nimempigia Baba Mdogo. Alisema maji ni jambo la serikali, halafu akaniuliza hali ya hewa. Nimempigia mganga mkuu, amehamishwa. Aliyepo sasa hajui habari ya mashine yoyote.

Umeandika kana kwamba nilicheza na jina lake. Wewe ulikuwa naye, wifi. Ulimnyoa, ulimpikia, ulimshika. Mimi nilikuwa na nini? Nilikuwa na simu iliyofungiwa kabatini mpaka saa ya kutoka. Nilitaka na mimi nimfanyie kitu kwa mikono yangu, na mikono yangu iko huku. Pole za Mzee nazituma, ingawa sijui nizipitishie wapi.

Niambie alichosema.

Wifi yako


19 Machi

Wifi,

Sijui kama bado uko kwa dobi. Barua ya Januari haikurudi, kwa hiyo nadhani ilipokelewa na mtu. Kama ni wewe mwenye duka unayeisoma hii, tafadhali mpe. Kama amehama, niandikie wewe, nitashukuru.

Yule mzee anayenisahau kila siku alifariki juzi. Nilikuwa peke yangu naye. Wanawe walikuja baadaye na jambo la kwanza walilouliza, hata makoti hawajavua, ni alikwendaje, aliteseka, alimtaja nani. Niliwaeleza yote, kidogo kidogo, kila kitu alichofanya kwa mikono yake na jinsi alivyoniuliza mimi ni nani kwa mara ya mwisho. Walinishika wakanishukuru. Nikaenda chooni nikajifungia.

Kamati nimejitoa. Sitaki mashine ya pili, wala kibao, wala nyumba, na sikuombi unisamehe, maana sijui kama ningekuwa wewe ningeweza. Wazazi hawapo, Cheche hayupo. Duniani hakuna mtu mwingine wa kumuuliza ila wewe.

Kaka yangu alikufaje?

Wifi yako